Wigi za midoli za manyoya ya asili: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ndo maswali yanayorudi kila siku kutoka kwa watu wanaoanza kutengeneza wigi za midoli kwa mkono kwa kutumia manyoya ya wanyama, na mengine yanatoka kwa waliokwisha anza na wigi zao haziwaridhishi. Kuna majibu mafupi na kuna marefu, kwa sababu mambo hayalingani uzito.

Nianze na manyoya gani jamani, nimechanganyikiwa

Anza na moheri. Moheri ni manyoya ya mbuzi wa Angora (siyo sungura wa Angora, yule ni mwingine na manyoya yake ni mepesi mno, yanapepea tu), mbuzi ambaye asili yake ni Uturuki sehemu za Ankara ila siku hizi moheri nyingi duniani inatoka Afrika Kusini. Inang'aa, inashika rangi vizuri sana, haigandamani haraka, na mbuzi wananyolewa mara mbili kwa mwaka kwahiyo shungi zake kwa kawaida ni za sentimita 10 hadi 15, ambazo kwa kichwa cha mdoli ni nywele za kutosha kabisa. Ila uliza umri wa mbuzi kabla hujanunua. Moheri ya mbuzi mchanga ni laini, ya mbuzi mzima ni nene na ngumu, na tofauti yake utaiona ukishaivalisha kichwani.

Kwani unene wa unywele mmoja unaweza kuonekana kweli?

Unaonekana sana, na hapa naomba nikae kidogo kwa sababu ndo chanzo cha wigi nyingi kuonekana za uongo hata kama kazi ya mkono ni nzuri. Unywele wa binadamu una unene wa kama maikroni 70 hivi (maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), kuna wenye pungufu na kuna wenye zaidi. Sasa chukua mdoli wa theluthi moja ya ukubwa wa mtu, yaani wale wa sentimita 60 hivi, gawa 70 kwa 3 unapata kama maikroni 23. Moheri ya mbuzi mchanga iko kwenye 24 hadi 30, umeona ilivyokaribia? Ya mbuzi mzima inafika hadi 40, hiyo kwa mdoli ni sawa na wewe kuvaa nyuzi kichwani. Na ukienda kwa midoli midogo ya moja ya sita hesabu inakupa maikroni 12, manyoya membamba hivyo hutayapata kirahisi, kwahiyo pale unachagua laini kuliko yote unayoweza kupata halafu unaweka chache. Hili la kuweka chache nitalirudia maana ndo kazi yenyewe.

Sufu ya kondoo haifai?

Inafaa ukichagua kondoo. Kuna kondoo wa Kiingereza wa sufu ndefu kama Wensleydale, Teeswater, Lincoln na Leicester Longwool, hawa shungi zao zinang'aa na zinajikunja zenyewe toka juu mpaka chini, na za Wensleydale zinaweza kufika sentimita 20 hadi 30 kwa mwaka. Ukitaka mdoli mwenye nywele za mawimbi au za kujisokota huhitaji kuzisuka wala kuzitia mvuke, unazitumia zilivyo. Merino ndo siishauri, ni laini kweli lakini ni fupi na inagandamana ukiigusa tu na maji ya moto, labda unataka kichwa cha mtoto mchanga chenye vinyweleo.

Na alpaka?

Alpaka wako aina mbili. Huacaya ana manyoya ya kufura, na Suri ana shungi ndefu zinazoning'inia kama hariri. Kwa wigi chukua Suri. Uzuri mwingine wa alpaka ni kwamba hana mafuta mengi kama kondoo kwahiyo kuosha ni rahisi, shida yake ni vumbi maana wanapenda kugaagaa chini, na anakuja na rangi za asili nyingi kuanzia nyeupe, hudhurungi za kila namna mpaka nyeusi. Nyeusi ya asili ni mali, usiiache ukiipata, kwa sababu kupaka nyeusi nzuri nyumbani ni kazi ngumu.

Nimeona wigi zinazotengenezwa na ngozi yenyewe ikiwa na manyoya, hizo je?

Zile mara nyingi ni ngozi ya kondoo wa Tibet au Mongolia. Ni njia ya haraka maana nywele zimeshaota mahali pake, kazi yako ni kukata vipande vinne au vitano na kushona. Geuza ngozi, chora upande wa nyuma kwa kalamu, halafu kata kwa wembe ukipitisha kwenye ngozi tu bila kushuka kwenye manyoya, ukitumia mkasi umekata na nywele na pale kwenye mshono patabaki panyoofu kama pamenyolewa. Angalia pia manyoya yanalalia wapi kwenye kila kipande, yote yaelekee chini, kwenda kisogoni na pembeni.

Ila ngozi maana yake mnyama amechinjwa, wakati moheri, sufu na alpaka mnyama ananyolewa na anaota tena. Wako wasiotaka ngozi kwa sababu hiyo na mimi nipo upande wao. Kama unajali namna wanyama wanavyotunzwa tafuta muuzaji anayekwambia manyoya yametoka shamba gani, au yenye kiwango cha Responsible Mohair Standard ambacho kilianza 2020.

Ninunue yaliyooshwa au ghafi?

Mara ya kwanza yaliyooshwa, yakiwa bado kwenye shungi zake. Ghafi ni bei nafuu na unachagua shungi mwenyewe, lakini kuna uchafu, mafuta, majani, na mavi pia. Na usiyachukulie poa kiafya. Karne ya 19 kule Bradford Uingereza wafanyakazi waliokuwa wanachambua moheri na alpaka walikuwa wanakufa na kimeta cha mapafu, mpaka ugonjwa ukaitwa kwa jina la kazi yao. Kwahiyo manyoya ghafi ambayo hujui yametoka kwa mnyama gani na alikuwa na afya gani usiyaingize ndani, na hata yale unayojua yametoka wapi vaa glavu na barakoa, chambulia nje au kwenye dirisha wazi, na usile huku unachambua.

Naoshaje bila kuyaharibu?

Sufu inagandamana kwa mambo matatu yakikutana: moto, sabuni, na kusuguliwa. Moto na sabuni unavihitaji, kwahiyo unachoweza kuacha ni kusugua. Weka shungi kwenye mfuko wa wavu, zilale upande mmoja, zisijazane. Maji ya moto ya kama nyuzi 60, tia sabuni ya vyombo, koroga sabuni kwanza kabla ya kutia manyoya, halafu zamisha mfuko taratibu na uuache dakika 15. Usikamue, usichezeshe. Mafuta ya sufu, yaani lanolini, yanayeyuka kwenye joto la 40 hivi, ndo maana maji yasiwe vuguvugu, na usisubiri yapoe maana yakipoa mafuta yanarudi kuganda kwenye nywele na safari hii yananata vibaya kuliko mwanzo. Toa mfuko, mwaga, weka maji mengine ya moto uleule, rudia mpaka maji yawe meupe. Suuza kwa maji ya joto lilelile, ukitoka kwenye moto ukaingia kwenye baridi ghafla unazitafutia balaa. Maji ya mwisho tia kijiko cha siki, inaondoa sabuni iliyobaki na mng'ao unarudi.

Anika kwenye wavu kivulini. Shungi iliyooshwa vizuri ukiikunjua kwa vidole inafunguka unywele kwa unywele, ikiwa bado inashikana na vidole vinabaki na utelezi rudia kuosha, hiyo bado ina mafuta na gundi haitashika.

Naambiwa nisichanganye shina na ncha, ndo nini?

Kila unywele wa mnyama una magamba madogo yameelekea upande mmoja, kutoka shina kwenda ncha. Pitisha vidole kutoka shinani kwenda nchani, unateleza, rudi kinyume unahisi kukwaruza kidogo (kwenye moheri kidogo sana maana magamba yake yamelala, kwenye sufu utahisi vizuri). Nywele zikiwa zimelala kichwa kwa mkia magamba yanashikana na wigi inafungana kila ukiichana, hata uichane kwa upole gani. Kwahiyo toka unapoosha mpaka unaposhona shina ziwe upande mmoja. Shina ndo pale palipokatwa na mkasi, pamenyooka, ncha ni nyembamba na mara nyingi imejikunja. Mi huwa nafunga uzi kwenye shina za kila shungi kabla ya kuosha, basi hata zikielea kwenye beseni najua ipi ni ipi.

Na hii ndo sababu yale manyoya yanayouzwa yameshachanwa na mashine kwenye mikanda mirefu mi siyapendi kwa wigi, yanapendeza kwa macho lakini shina na ncha zimeshachanganywa mule ndani na huwezi kuzitenganisha tena.

Nanunua gramu ngapi?

Mdoli wa theluthi moja gramu 30 zilizooshwa zinatosha na utabakiza. Midogo gramu 10 hadi 15.

Saizi ya wigi napimaje?

Pima mzunguko wa kichwa kwa uzi, kuanzia kwenye paji la uso pale nywele zinapoanzia, juu ya masikio, mpaka kisogoni na kurudi. Wigi za midoli zinatajwa kwa inchi kwahiyo gawa sentimita zako kwa 2.54. Midoli ya theluthi moja mingi ni inchi 8 hadi 9, ya robo 7 hadi 8, ya moja ya sita 6 hadi 7, lakini pima tu, viwanda havifanani.

Kofia ya ndani natengenezaje?

Funika kichwa cha mdoli kwa plastiki ya kufungia chakula, mpaka shingoni, hapa usifanye ubahili maana gundi ikivuja ikagusa uso umeumia. Juu yake vuta kitambaa cha kuvutika, soksi ya nailoni inafaa sana, kaza na mpira shingoni mpaka mikunjo yote iishe. Paka gundi nyeupe ya maji, iache ikauke, paka tena, mara mbili au tatu, na ilale usiku mzima. Ikikauka chora kwa penseli mstari wa nywele ukiwa bado kichwani, halafu vua na ukate, ila acha milimita 2 au 3 nje ya mstari kwa sababu ukishaanza kushona kofia inavutika na kupungua. Wanaokata kofia kamili kwenye mstari ndo hao wanaouliza kwa nini wigi inapanda juu na kuacha kisogo wazi.

Nyuzi za nywele (zile tepe za nywele zilizoshikana kwenye shina, zinazowekwa kwenye kofia) natengenezaje bila cherehani?

Kwa gundi. Chukua karatasi ya daftari yenye mistari, ifunike na karatasi ya kuokea inayoonyesha chini. Tandaza nywele juu yake, shina zote upande mmoja, halafu angalia: mistari ya daftari lazima uione kupitia kwenye nywele. Kama huioni umeweka nyingi, punguza. Hiki kipimo nakiamini kuliko mizani. Pitisha gundi kwenye shina kwa upana wa milimita 5, ikandamize kwa kijiti ili iingie, iache ikauke, igeuze upake upande wa pili, ikikauka kata ukingo ubakize milimita 3. Tepe hiyo inabandikwa au inashonwa.

Kwa cherehani unatandaza nywele juu ya karatasi laini nyembamba, unashona mstari wa mishono mifupi, unakunja shina kurudi juu ya mstari na kushona tena, halafu unachana karatasi taratibu. Tepe ya cherehani ni imara zaidi na inaweza kuoshwa, ya gundi ni nyembamba zaidi na inalala vizuri kichwani. Nyuma ya kichwa natumia cherehani, utosini na mbele gundi.

Wigi yangu imefura kama kichaka, nimekosea wapi?

Nywele nyingi. Karibu kila anayeuliza hivi ukimwambia atume picha ya ndani unakuta safu zimebanana nyuma yote toka shingoni. Kichwa ni kidogo lakini mtu anataka kisionekane hata kidogo kwahiyo anajaza, na nywele za asili zina ubishi wake, zikijazana zinasimamana. Anza kisogoni kwa safu moja, acha sentimita moja, weka nyingine, na unavyopanda juu ndo unazisogeza karibu karibu, karibu na utosi ziwe nusu sentimita. Safu za chini zinafunikwa na za juu, hazina haja ya kuwa nene. Kofia ikipakwa rangi inayofanana na nywele kabla ya kushona huna sababu tena ya kuogopa kuonekana.

Kama wigi imeshakamilika na imefura usiitupe, geuza ndani, fumua safu moja katika kila mbili kuanzia shingoni, ichane, uivalishe uone.

Njia ya nywele katikati au pembeni inatokaje bila mshono kuonekana?

Kata kipande chembamba cha wavu laini, upana wa sentimita moja, urefu wa njia unayotaka. Laza nywele juu yake zikipita kulia na kushoto, hapa chagua zile ndefu na laini kabisa, uzi uwe rangi ya nywele, shona mstari mmoja katikati kwa mishono midogo. Sasa lowanisha kidogo na uzilaze kila upande kwake, ziache zikauke zikiwa zimefungwa kitambaa. Kipande hicho ndo cha mwisho kuwekwa, kinakaa juu ya safu zote na kufunika tepe ya mwisho. Najua hapa shina na ncha zinachanganyika, ndo mahali pekee nakubali, na ukitaka usafi zaidi shona nusu ya kulia na nusu ya kushoto mbalimbali, shina za pande zote zikutane katikati.

Kwa wenye subira zaidi kuna kufunga unywele mmoja mmoja au miwili kwenye wavu kwa sindano nyembamba ya kulabu, namna ileile ya wigi za watu. Inachukua muda mrefu sana. Fanya mstari wa mbele tu, sentimita moja kwenda ndani, inatosha kubadilisha sura nzima ya mdoli.

Napakaje rangi?

Manyoya ni protini kwahiyo yanataka rangi za asidi, zile za sufu na hariri, pamoja na siki. Rangi za chakula nazo zinashika kwa siki. Rangi za pamba hazitakaa sawa. Lowanisha manyoya kwanza nusu saa, yaingize kwenye maji yenye rangi yakiwa vuguvugu, panda moto polepole mpaka nyuzi 85 hivi, yasichemke kwa fujo, yakae nusu saa mpaka saa moja. Utaona maji yanabaki karibu hayana rangi, maana yake rangi yote imehamia kwenye nywele. Zima moto uyaache yapoe humohumo. Paka kabla ya kutengeneza tepe, si baada.

Nywele za kweli hazina rangi moja, kwahiyo paka vikundi viwili vitatu vinavyopishana kidogo tu, halafu uvichanganye wakati wa kutandaza. Ukiishika kwenye mwanga utaona mwenyewe. Sufuria ya rangi isirudi jikoni.

Wigi nyeusi imemchafua mdoli wangu usoni

Rangi haikusuuzwa ikaisha. Bonyeza nywele kwa kitambaa cheupe kilicholowa, kikitoka na rangi rudi kusuuza. Na kwa rangi zote nzito, nyeusi, nyekundu, bluu, mvalishe kofia ya silikoni chini ya wigi, inazuia doa na inazuia wigi kuteleza pia.

Naweza kutumia pasi ya nywele?

Manyoya hayayeyuki kama plastiki lakini yanaungua, yanakuwa ya njano na kukatika. Mvuke unatosha. Ukitaka mawimbi lowanisha, zungushia kwenye mirija, acha ikauke yenyewe siku nzima, fungua kwa vidole. Nywele zenye mikunjo ya asili usizichane kabisa, zinafumuka na hazirudi. Zilizonyooka chana kwa kitana cha chuma chenye meno mapana, anza nchani upande juu, huku mkono mwingine umeshika karibu na shina.

Nitajuaje nimeuziwa ya kweli?

Choma nywele mbili tatu kwa kibano juu ya sahani. Ya asili inaungua polepole, inanuka nywele zilizoungua na majivu yanasagika kwenye vidole. Ya plastiki inayeyuka na kuwa kitone kigumu.

Nondo!

Nondo mwenyewe hali, wanaokula ni viwavi wake. Mzigo mpya wa manyoya ukifika usiuweke karibu na mengine, ufunge kwenye mfuko usiopitisha hewa, weka kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili, toa uache ufikie joto la chumba kabla hujaufungua la sivyo unalowa ndani. Lavenda na mierezi vinawafukuza kidogo lakini haviui. Wigi zilizokaa muda mrefu zitoe uzipepete, viwavi wanapenda giza na utulivu.

Nina mdoli wa zamani wa bibi, wigi imechoka, nimtengenezee mpya?

Mtengenezee, lakini ile ya zamani usiitupe wala usiioshe. Midoli ya kaure ya Ujerumani na Ufaransa ya mwishoni mwa karne ya 19 mingi ilivaa moheri, na ile ya Ufaransa mara nyingi ina kifuniko cha koki juu ya kichwa, wigi imebandikwa hapo. Gundi zile zinayeyuka na maji na kitambaa cha ndani kimeshaoza. Kama imelegea itoe ikiwa kavu, iweke kwenye karatasi isiyo na asidi, na mpya uishone juu ya kofia yake ambayo inavuliwa, isibandikwe kwenye koki. Wigi ya asili ni sehemu ya mdoli mwenyewe, atakayempokea baada yako atataka kuiona.

Mtoto anaweza kuchezea?

Mtoto mdogo anayeweka vitu mdomoni hapana, nywele zinatoka. Mkubwa sawa, ila mpe ya tepe za cherehani iliyoshonwa, ile ya gundi haitamaliza wiki.

Inamwaga nywele kila nikichana, ni mbovu?

Siku za mwanzo ni kawaida, zile ambazo gundi haikuzifikia zinatoka zenyewe. Ikiendelea geuza ndani, tafuta tepe inayoachia, pitisha gundi nyembamba kwenye shina zake kwa ncha ya sindano, iache ikauke ikiwa imegeuzwa hivyohivyo.